Pembe za Kirangozi

Jirani yangu wa chumba cha pili, hapa Ng'ambo ninapopanga, ana pasi ya mkaa yenye jogoo wa shaba mbele. Kila Jumamosi alasiri huipepea uani mpaka mkaa uwe mwekundu. Moshi wake haunisumbui. Kinachonisumbua ni ile harufu inayofuata, pamba yenye unyevu inapokutana na chuma cha moto, mvuke wenye majivu kidogo ndani yake. Wenzangu wa rika langu mnaijua. Wengi wenu itawakumbusha Krismasi, au kaptula ya shule iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Mimi hunikumbusha mnyama mmoja mdogo ambaye nilimpenda sana, na ambaye niliamini namtunza kuliko mtu mwingine yeyote duniani angeweza.

"Mbona umenyamaza, shoga?" jirani huniuliza. "Leo huimbi?"

Maana mimi ni mtu wa kuimba. Namjibu kwamba moshi umeniingia machoni.

Tulikaa Kigwa, karibu na reli kiasi kwamba gari moshi likipita vikombe vya mama vilicheza kabatini. Kati ya nyumba yetu na msitu ilipita njia ya zamani, ile waliyoifuata wapagazi wa misafara kwenda pwani na kurudi. Siku zangu ilikuwa imebaki njia ya mbuzi na ya warina asali, lakini bado ilikuwa pana kupita kawaida, na udongo wake umeshindiliwa na nyayo mpaka hata magugu yalishindwa kuota. Babu yangu, ambaye sikumkuta, aliwahi kupita huko na mzigo begani. Baba alinihadithia habari za kirangozi, yule mtu aliyetangulia mbele ya msafara, amevaa joho jekundu na kilemba chenye manyoya, watu wote nyuma yake wakikanyaga alipokanyaga yeye. Nilikuwa mtoto wa kuota ndoto hata nikiwa macho. Nikitumwa kisimani na ndoo kichwani, moyoni nilikuwa nimevaa joho jekundu, na kisima ndiyo bahari.

Baba alikuwa mrina asali na mtu wa mizaha. Aliniita mayu, yaani mama kwa Kinyamwezi chetu, kwa sababu nilirithi jina la mama yake. Mama alikuwa mtu wa kazi, na kazi yake ilikuwa kufua na kupiga pasi nguo za stesheni masta. Kwetu sisi alikuwa na amri moja isiyo na mjadala: kitambaa chochote kilichoanikwa nje hakigusi mwili kabla hakijapita chini ya pasi. Gauni, shuka, leso, hata nepi za mdogo wangu Mihayo aliyekuwa bado anatambaa. Mimi ndiye niliyepuliza mkaa, na mashavu yaliniuma.

"Mama, hata nepi?" nilimuuliza siku moja. "Si ataikojolea sasa hivi?"

"Puliza mkaa wewe," alisema. "Mimi si mwanamke wa kuvalisha watu nguo mbichi."

Nikaelewa nilivyoelewa. Nikajua kwamba pasi ni jambo la heshima, kama kuchana nywele kabla ya kwenda kanisani. Watu hupigiwa pasi ili majirani wasiwacheke.

Mvua zilipoanza mwaka ule, baba alirudi kutoka mizingani na mfuko wake wa ngozi ukitikisika. Alikuwa na Mjomba Kapela, kaka yake mama, ambaye walikuwa wakirina naye pamoja.

"Mayu, njoo umpokee mgeni!"

Ndani ya mfuko, ananuka nta na moshi, alikuwamo mtoto wa digidigi. Baba alimkuta kando ya ile njia ya zamani, amesimama karibu na mtego wa waya uliomnasa mama yake, ambaye mwenye mtego alikuwa ameshamchukua. Hakukimbia. Alikuwa mdogo kuliko paka wa stesheni, miguu kama vijiti vya kuwashia moto, macho makubwa ya kitoto, na pua ndefu laini iliyochezacheza muda wote kama inataka kusema neno. Juu ya paji la uso, katikati ya masikio, alikuwa na kishungi cha nywele.

"Shikamoo, mjomba," nilisema bila kumwondolea macho yule mnyama.

"Marahaba. Usimzoee sana huyo," Mjomba Kapela alisema. "Hiyo ni mboga, mpwa wangu. Tunaingoja inenepe kidogo tu. Shemeji, tumpe mwezi?"

Nikaangua kilio. Nilimkumbatia digidigi kwa nguvu mpaka baba akaja kunifungua mikono.

"Kapela, acha kumliza mtoto," alisema. Kisha akainama mbele yangu, uso wake ukiwa mkavu kama wa hakimu wa baraza. "Sikiliza, mayu. Huyu haliwi. Huyu atakaa hapa na wewe mpaka siku atakapoota pembe. Siku hiyo akiota pembe, mimi mwenyewe nitamrudisha porini. Umesikia?"

Mjomba Kapela alicheka mpaka akashika ukuta. Mama naye, aliyekuwa anakunja mashuka, alijifunika mdomo kwa mkono. Nilidhani wanayacheka machozi yangu. Mimi sikuona cha kuchekesha. Nilikuwa nimepewa rafiki na nimepewa mwisho wake, kwa pamoja. Nikampapasa digidigi kwenye paji la uso, chini ya kile kishungi. Palikuwa laini. Nikamshukuru Mungu.

Nikamwita Kirangozi, kwa kuwa aliokotwa kwenye ile njia ya misafara, ingawa ukweli mimi ndiye niliyetangulia na yeye ndiye aliyefuata. Nilimnywesha maziwa ya mbuzi kwa kitambaa nilichokichovya kwenye kibuyu. Alinifuata kisimani, alinifuata shambani, alinifuata mpaka relini kutazama gari moshi, na lilipopiga honi alijificha ndani ya gauni langu akitetemeka. Abiria walitoa vichwa madirishani wakapiga kelele, "We mtoto, huyo mbwa wako wa ajabu!" Nilitamba wiki nzima. Usiku nililala nikipanga safari yetu: tutapanda gari moshi mimi na yeye, tutateremka Tabora mjini, atatangulia mbele sokoni na watu watatupisha njia.

Nilimtengenezea kitanda katika kibanda cha jikoni, nyuma ya kihenge cha mtama. Nilikwenda kijitoni mara nne kuchota mchanga laini, na juu yake nikatandika kipande cha kanga kuukuu ya mama. Alikikojolea kila siku. Na mimi, kwa mapenzi, nilikifua kila siku. Nilifua kwa siri kwa sababu sabuni ilikuwa ya stesheni masta, na nilianika kwa siri vilevile, nyuma ya kihenge kivulini, juu ya ule mchanga, mahali ambapo mama asingekiona.

Kuna alasiri moja siisahau. Mama alikuwa amemaliza kazi, pasi imewekwa juu ya jiwe, bado ya moto. Nilipita karibu nayo, kitambaa cha Kirangozi mkononi, kina unyevu bado. Nikasimama. Nikaitazama pasi, nikakitazama kitambaa, nikacheka peke yangu. Digidigi kupigiwa pasi! Atakwenda misa gani? Nikakitandika hivyohivyo, nikifikiri ule ubaridi utampendeza.

Baada ya siku kadhaa nilikuwa nampapasa kichwani kama kawaida yangu, kidole changu kikagota. Chini ya kishungi, upande wa kushoto, palikuwa na kitu kigumu kidogo, kama punje ya karanga chini ya ngozi. Keshoyake kulikuwa na kingine upande wa kulia.

Nilitoka nje nikakaa chini. Jua lilikuwa linawaka vizuri na kuku wanaparura. Pembe. Zimekuja upesi hivi! Hata mwezi haujatimia.

Ilitokea kwamba siku hizohizo Mihayo alikuwa anaota meno. Alilia, alipata joto, alitafuna kila alichokishika. Mama alimbeba akimtuliza, "Ni meno haya, baba, yanatoka, yatapita." Kwa hiyo Kirangozi alipoanza kusugua kichwa kwenye nguzo ya kibanda, nilijua sababu. Alipokataa maziwa, nilijua sababu. Alipokuwa na joto, nilimbeba nikamwambia vilevile alivyosema mama: ni pembe hizi, zinatoka, zitapita. Nilikuwa nimejua kila kitu.

Kilichobaki ilikuwa kuzificha. Nilichana utepe kutoka kwenye kile kitambaa chake, nikamfunga kichwani, nikauzungusha vizuri ukafunika kishungi chote. Alipotoka nao uani, baba alikuwa anasuka kamba na Mjomba Kapela anakunywa uji.

"Ala!" Mjomba Kapela aliweka bakuli chini. "Msafara ndio huo! Kirangozi kavaa kilemba!"

Baba akasimama, akabana miguu, akapiga saluti kama askari wa Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya. "Bwana mkubwa, tupeleke pwani! Mizigo tayari!"

Walicheka, mama akacheka, Mihayo akacheka kwa sababu wengine wanacheka. Nami nilicheka kuliko wote, huku nikikitazama kilemba kisije kikalegea. Tangu siku ile kilemba hakikutoka.

"Mgeni wako anakula, mayu?" baba aliniuliza jioni.

"Anakula, baba."

"Mbona naona mbavu?"

"Anarefuka."

Alinitazama kidogo. Kisha akarudia kamba zake. Keshoyake alfajiri yeye na Mjomba Kapela walikwenda kambi ya asali ng'ambo ya msitu, ambako wangekaa siku nyingi kidogo, nami nilifurahi kumwona baba yangu akiondoka. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu.

Sasa niseme jambo ambalo sijawahi kulisema kwa urahisi. Vile vivimbe havikubaki kichwani. Nilivikuta shingoni, nikavikuta tumboni, nikavikuta pajani kwa ndani. Hata mtoto anajua kwamba pembe haziotei pajani. Nilijiambia kwamba ni uvimbe wa pembe unashuka, kama vile jino linavyovimbisha shavu. Na niliposhindwa kujiamini vizuri, niliacha kumpapasa huko. Nilikuwa nampapasa pua tu.

Mihayo ndiye aliyetuumbua. Alikuwa na mazoea ya kutambaa mpaka kibandani akalala kando ya Kirangozi, kichwa kwa kichwa, juu ya kitambaa kilekile. Asubuhi moja mama akimwogesha, alimgeuza, akaona kitu makalioni.

"Hili nalo jipu?" alisema. Akalisogelea. "Hili si jipu. Njoo unishikie mtoto."

Nilimshika Mihayo miguu. Kile kivimbe kilikuwa chekundu, na katikati yake palikuwa na tundu dogo, dogo kama ncha ya sindano, na ndani ya tundu kitu kilichopumua. Kilitokeza kidogo, kikarudi. Mama alidondosha mafuta ya nyonyo juu yake mpaka tundu likazibika. Tukangoja. Kisha akaweka vidole gumba viwili, akabana taratibu. Akatoka mdudu mweupe, mnene, mfano wa punje ya mchele iliyovimba majini, akijikunja kunja juu ya ukucha wa mama.

"Funza wa nzi," alisema. "Siyo wale wa miguuni, hawa ni watoto wa nzi. Nzi hutaga mayai kwenye nguo yenye unyevu, au kwenye mchanga wa kivulini wenye mkojo, halafu mtoto wake anatafuta mwili wa kuingia. Ndiyo maana napiga pasi. Moto wa pasi unaua mayai. Wewe ulidhani mimi napiga pasi nepi kwa maringo?" Akaniinulia macho. "Ni nguo gani hii ambayo haikupita kwenye pasi?"

Nilikuwa nalitazama lile tundu makalioni mwa Mihayo. Nilikuwa nimeyaona mengi kama lile, kwenye shingo, kwenye tumbo, na nilikuwa nimejizuia kuyaangalia. Pembe haina tundu. Pembe haipumui.

Nilikimbia.

Kirangozi alikuwa amelala nyuma ya kihenge. Nilipofungua kilemba kilikuwa kimegandana na nywele, na harufu iliyotoka ilinirudisha nyuma. Nilipiga ukelele ambao mama alidhani ni nyoka.

Alipofika aliona mara moja. Hakunipiga. Nilitamani anipige. Alikitazama kile kitambaa, akautazama mchanga wangu mzuri wa kijitoni, akasema kwa sauti ndogo, "Maskini, mwanangu, umemlaza mle mle kwenye mayai yao."

Baba na Mjomba Kapela walirudi adhuhuri ileile, mitungi ya asali mabegani. Hawakuitua vizuri. Baba alilainisha nta viganjani, akaanza kuziba tundu moja baada ya jingine, kwa sababu funza akikosa pumzi hulegea. Mama akafuata nyuma yake akikamua. "Taratibu," baba alikuwa akisema, "akipasukia ndani atamwozesha zaidi." Mjomba Kapela, ambaye alitaka kumla, ndiye aliyeshika miguu, na alikuwa akimwambia, "Pole, mzee, pole, tunamaliza sasa hivi." Mimi nilishika kichwa. Hakulia hata mara moja. Ile pua tu ilikuwa ikichezacheza kwenye kiganja changu. Mama alikuwa akiwatupa funza ndani ya bakuli la majivu, na bakuli likajaa, akaomba jingine.

Walipomaliza, mwili wake ulikuwa matundu matupu. Baba alimpaka asali kila mahali, dawa yetu ya vidonda, mpaka akang'aa. Tukamlaza juu ya kipande cha shuka ambacho mama alikipiga pasi mara mbili, mbele yangu.

Alikufa keshoyake asubuhi. Nilikuwa nimekwenda kuchovya kitambaa kwenye maziwa. Niliporudi pua ilikuwa imetulia.

Baba alimchimbia shimo kando ya ile njia ya zamani. Watu hawazikani na digidigi kwetu. Ngozi yake ilikuwa na kazi. Lakini alichimba, na alichimba kwa kina ili fisi wasimfukue. Aliposhindilia udongo alikaa chini, jembe magotini, akanivuta karibu.

"Uliviona lini vile vivimbe, mayu?"

"Zamani. Kabla hujaenda kambini."

"Na hukuniambia. Ningemtoa funza siku ileile, wakiwa wawili watatu. Ni kazi ya kupepesa macho. Kwa nini hukuniambia?"

Nikamwambia. Nilidhani ni pembe. Ulisema akiota pembe utamrudisha porini. Ndiyo maana nikamfunga kilemba.

Baba aliniangalia kama mtu anayesomewa barua yenye habari mbaya na bado anangoja mwisho wake.

"Alikuwa jike," alisema.

Sikuelewa.

"Jike la digidigi haoti pembe, mayu. Haoti kabisa, mpaka anazeeka. Kapela anajua, mama yako anajua, kila anayekwenda porini anajua. Niliposema vile nilikuwa nasema... nilikuwa nasema utakaa naye siku zote." Aliliweka jembe chini. "Nilikuwa natania, mwanangu."

Akafunika uso kwa viganja vyake vilivyokuwa bado na udongo. Sikuwahi kumwona baba yangu akilia. Nilimshika bega, nikamwambia yale maneno ambayo nilimwambia Kirangozi, kwamba yatapita.

Hayakupita vizuri. Baba hakuacha mizaha, kwa kuwa hakuweza kuiacha, lakini ilibadilika. Alikuwa akisema jambo, Mjomba Kapela anaanza kucheka, halafu baba anageuka kunitafuta kwa macho popote nilipo. "Natania, mayu," anasema. "Umesikia? Hapo natania tu." Na mzaha ukishaelezwa hivyo haumchekeshi mtu. Alifanya hivyo nikiwa darasa la nne, alifanya hivyo nilipoacha shule, alifanya hivyo siku ya posa yangu mbele ya washenga, wakatazamana wasijue la kufanya. Nilikuwa mwanamke mzima. Mara nyingi nilitaka kumwambia, baba, basi, mimi naelewa sasa. Sikumwambia.

Masika yaliyopita aliugua kifua. Nilikwenda Kigwa kumuuguza. Siku moja mvua ilikatika, akaniomba nimwinue, akatazama nje, kule msituni.

"Juma lijalo nitakwenda mizingani," alisema. "Nitakuletea asali nyeupe, ile ya juu."

Alikuwa ngozi na mifupa. Nilimngoja aseme lile neno lake, natania. Nilimtazama usoni, akanitazama, akatabasamu kidogo. Hakulisema.

Nikamwamini. Nilitoka nikashusha kamba zake darini, nikauosha ule mfuko wa ngozi, nikaupaka mafuta mpaka ukalainika, nikauanika juani ili uwe tayari. Ulikuwa haujakauka mama aliponiita ndani.